Mtoto Analala na Nani?

Zawadi, Neema, Tumaini, na nyie wengine wote wa kituo chetu cha watoto hapa Ipogolo: mlinipa khanga, mkanipa sufuria, mkanipa na kiti cha kupumzikia, halafu mkaniambia nipumzike. Wiki ya kwanza nilikikalia. Wiki ya pili nikaona kukaa kunachosha kuliko kazi. Basi nimeshika kalamu. Mwandiko msiutegemee, mimi niliishia darasa la pili, na darasa lenyewe tuliimba zaidi kuliko kuandika. Lakini majina ninayo yote. Mtoto niliyemwogesha jina lake silisahau, hata kama mwenyewe sasa hivi ana upara.

Tumaini aliniambia niandike nilivyopanda kazini mpaka nikawa msimamizi wenu. Hayo hayana utamu. Kupanda nilipanda, na mshahara ulikuja ukaliwa, yamekwisha. Nataka kuwaandikia jambo ambalo kila msichana mpya huniletea akidhani ni lake peke yake. Anakuja na kamasi, yeye na mtoto wote wawili: "Bibi Skola, huyu hataki kulala." Namwuliza, kwao analala na nani? Hajui. Sasa utamlazaje mtu usiyejua amezoea mbavu za nani? Ukiingia nyumba ya watu kulea, kabla hujauliza chumvi inakaa wapi, uliza mtoto analala na nani. Ukishajibiwa hilo umeijua nyumba nzima, pamoja na mambo ambayo hawakutaka uyajue. Mimi nilijifunza miaka ya hamsini, kwa Wagiriki wa huku Iringa na kwa Waingereza wa Mbeya, na nusura somo lenyewe linirudishe kwetu nimekalia magunia.

Kwetu Uheheni swali hilo lisingekuwepo. Tulilala kwa bibi, karibu na moto, mimi na Veronika na Luhwago na Kamilo na yeyote aliyekuwa amefika kutembea. Mguu wa mwenzio ndio mto wako. Mtoto kulala peke yake ingekuwa adhabu, ila sikumbuki mtu mzima aliyekuwa na roho ya kuitoa.

Nilipokuwa msichana wa kuanza kuvunja ungo, shangazi yangu Semkonda, aliyekuwa akichambua majani ya tumbaku kwenye shamba la Wagiriki, alikuja akasema kule wanatafuta msichana wa kushika mtoto. Nikaenda naye kwa miguu. Sikuwa nimewahi kumwona Mzungu kwa karibu zaidi ya padri aliyenibatiza Skolastika, jina ambalo kijijini kwetu hakuna ulimi ulioliweza, ndiyo maana nikabaki Skola.

Aliyenipokea hakuwa mwenye nyumba, Kiria Katina; kiria kwao ni neno la heshima, kama sisi kusema Mama. Alikuwa mama mkwe wake, Bibi Despina, kikongwe wa nguo nyeusi toka kichwani mpaka miguuni. Hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Alinishika mikono akaigeuza juu chini, akainusa, akanipa vitunguu saumu nimenye. Nilivyomaliza akanipa mtoto. Huo ndio ulikuwa usaili wangu, na mpaka leo sijaona mzuri zaidi: mikono imetazamwa, na subira imepimwa kwa vitunguu.

Mtoto aliitwa Yani, mchanga kabisa, hata arobaini hajatoka. Ndiyo, na Wagiriki wana arobaini, mama na mtoto hawatoki nje mpaka siku zitimie, kama Waislamu wetu wa mjini. Bibi Despina akanifundisha kumfunga. Wanachukua kitambaa kirefu kama utepe, wanamzungushia mtoto toka mabegani mpaka vidole vya miguu, mpaka anafanana na hindi ndani ya maganda yake. Mara ya kwanza nililegeza, Yani akatoa mkono mmoja kama anayeomba ruhusa darasani. Mara ya pili nikakaza, akaanza kubadilika rangi, na bibi naye akabadilika yake. Kipimo ni hiki: kidole chako kimoja kipite kati ya kitambaa na kifua. Vikipita viwili atafunguka, kisipopita hata kimoja utafunguliwa mlango wewe.

Na hapo walilalaje? Walilala kama sisi. Yani kwa mama yake. Nikos mkubwa na Nikos mdogo kwa bibi, mmoja kulia mmoja kushoto, ingawa Nikos mkubwa alikuwa ameshaanza kuendesha trekta. Wawili jina moja kwa sababu walikuwa watoto wa ndugu, na kila mmoja alirithishwa jina la babu yule yule. Jumapili wakija jamaa wa mashamba mengine, ukiita Nikos uani unapata wa kutosha kupakia lori. Bibi kwa lugha yao wanamwita yaya, kwa hiyo mtoto akilia "yaya" tulikuwa tunatimka wawili, mimi na yule mzee, na mara nyingi alinishinda mbio.

Kula pia kama sisi, tena kwa kelele zaidi. Watoto wanakaa mezani na wakubwa mpaka wasinzie juu ya sahani, ndipo wanabebwa mmoja mmoja kama mizigo. Hakuna anayesema sasa ni saa ya kulala. Saa yenyewe ukutani ilikuwepo, imesimama, na hakuna aliyejisumbua kuitia ufunguo.

Sasa sikilizeni jambo la mate, maana ndilo nusura linisafirishe. Mgeni akija akamtazama Yani akasema mtoto huyu ni mzuri, mnono, macho kama nini sijui, papo hapo Bibi Despina anamsogelea mtoto: ftu, ftu, ftu. Mara tatu, mate makavu, sauti tu ya midomo. Na nguoni amembandika pini yenye shanga ya buluu. Wanaogopa kijicho. Sifa tupu bila mate ni kama kumwacha mtoto uchi barabarani. Mimi sikushangaa hata kidogo. Bibi yangu mimi alikuwa akitutemea mate ya baraka tukisafiri, tena ya kwake hayakuwa makavu. Nikasema moyoni, kumbe Wazungu ni watu.

Siku moja wageni walikuja bibi yuko na unga mpaka viwikoni. Mmoja akamsifu Yani. Bibi akanitazama, akaninyooshea kidole chenye unga: wewe. Nikatema. Akatikisa kichwa kwamba sawa. Toka siku hiyo kazi ya kutema ikawa yangu, na nilijivuna nayo kuliko aproni.

Yani alipoanza kukimbia mwenyewe, familia ikahamia kwa ndugu zao huko Moshi. Kiria Katina hakutaka niachwe hivi hivi. Kulikuwa na Bwana mmoja Mwingereza wa barabara za Mbeya, akipita pale huwa anakunywa kahawa. Kiria akamwambia, mchukue huyu, ameshazoea watoto wa Kizungu. Yule Bwana akafurahi. Mimi nikafurahi. Hakuna aliyesimama kujiuliza watoto wa Kizungu ni wa aina ngapi.

Huyo alikuwa Bwana Hadli. Mkewe ndiye Memsahibu, watoto wawili, Piita wa miaka karibu saba na Rozi aliyekuwa bado wa kubebwa. Nimefika Mbeya na baridi yake, ukungu umefunika mlima Loleza mpaka kiunoni, nikaingizwa ndani nikaonyeshwa. Chumba hiki cha Bwana na Memsahibu. Chumba hiki cha Rozi. Chumba hiki cha Piita. Nikangoja nionyeshwe watu wa kulala na Rozi na Piita. Hawakuwepo. Mtoto wa kubebwa ana chumba chake, ana kitanda chake chenye nguzo nguzo kama banda la sungura, na mlango unafungwa.

Memsahibu alikuwa mwembamba, mpole, anatembea kama sakafu ina mtoto aliyelala. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni lakini kinafika. Akanionyesha saa ya ukutani, na hii ilikuwa inatembea. "Saa hii maziwa. Saa hii kuoga. Saa kumi na mbili lala. Nalia, wewe hapana chukua. Hapana imba."

Asubuhi yake ya kwanza akamweka Rozi kwenye kigari, akamtoa nje chini ya mti, kwenye ile baridi, ili apate hewa. Nikajua amemsahau. Nikamwingiza. Memsahibu akamtoa. Nikamwingiza tena kwa mlango wa jikoni. Akamtoa. Tukaendelea hivyo, kila mtu kwa heshima zake, mpaka Rozi mwenyewe akachoka akalala mlangoni, nusu ndani nusu nje.

Msinielewe vibaya. Kupima maji kwa kiwiko na si kwa vidole, mnakokufanya mpaka leo, kumetoka kwa yule mama. Kuchemsha chupa, kufungua dirisha, kukata kucha mtoto akiwa usingizini, ni yeye. Aliwapenda watoto wake sana, ila Waingereza mapenzi yao wanayaweka kabatini kama vikombe vya wageni.

Jioni ya siku ile Bwana akaniita, akanieleza kazi yenyewe niliyoitiwa. Piita, kipupwe kikifika, anakwenda Ulaya kwenye shule ya bweni. Nikafikiri sijasikia vizuri. Miaka saba? Ndiyo, hata yeye alikwenda hivyo, na baba yake pia. Shida ni kwamba Piita hawezi kulala peke yake. Kila usiku anatoka, anagonga mlango wa wazazi, baba anamrudisha, anatoka tena. Shuleni mvulana wa namna hiyo wenzake watamla mzima. Kwa hiyo kabla ya safari ni lazima aweze kulala mpaka asubuhi bila kumwita mtu. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nikiiweza, nitabaki na Rozi. Nisipoiweza, nirudi Iringa.

Nikaenda jikoni nikakaa juu ya gunia la mkaa. Mpishi alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, Ambilikile, tulimwita Baba Tusa kwa jina la bintiye Tusajigwe. Mrefu, mkavu, na mdomo wake haukuwa na likizo. Siku ile ile ya kwanza alikuwa ameshaniuliza kama nimemwona mbwa wa Bwana, maana tangu Mhehe aingie uani haonekani. Huo ni utani wao juu yetu na nyama ya mbwa. Nikamwambia mbwa yuko salama, nimezoea kusubiri anenepe. Tukawa marafiki.

Nikamweleza habari ya Piita nikidhani atashika kichwa. Akaendelea kumenya viazi. "Na sisi tunatoka," akasema. Akaniambia kwao mvulana akifika kama miaka kumi halali tena nyumbani kwa baba yake. Anakwenda na wa rika lake, wanajenga vibanda vyao pembeni, kijiji chao kabisa, wanalala huko. Ni aibu mvulana mkubwa kusikia mazungumzo ya wazazi usiku.

"Kwa hiyo unaona sawa?" nikamwuliza.

"Mwe Mhehe, mimi toka kibandani kwangu nilikuwa naona moshi wa jiko la mama. Huyu ataona moshi wa nani?"

Basi nikaanza kazi yangu na sikuiweza. Nilimweleza Piita hadithi zote za sungura, nikamwachia taa, nikamwekea chupa ya maji ya moto kitandani. Kiswahili alikijua kuliko baba yake, na hoja alizijua kuliko wakili. Nani ataniona nikifa? Kitu kikiingia dirishani nani atakiambia kitoke? Maswali yale yalikuwa yangu pia. Kila asubuhi Bwana anatoka na macho mekundu, ananitazama juu ya kikombe cha chai, na mimi nahesabu nguo zangu kichwani.

Ndipo ikaja ile chai ya akina mama. Wake watatu wa maofisa walikaa barazani, na Piita akaitwa kuwasalimia, amechanwa nywele kwa maji. Nilikuwa nimesimama nyuma na Rozi. Wa kwanza akamtazama akasema maneno, nikaelewa kwa mikono yake: jinsi alivyokua! Wa pili akamshika kidevu. Wa tatu akasifu macho. Nikangoja Memsahibu ateme. Hakutema. Akatabasamu, akawapa keki. Wakaongeza sifa. Sifa zinamwagika, mtoto yuko wazi, na anakaribia kusafiri baharini! Nikawaza, yule mama ameshika birika, kama Bibi Despina na unga wake. Mwenye kazi ni mimi. Nikampakata Rozi vizuri, nikapita katikati ya viti, nikainama.

Ftu, ftu, ftu. Usoni.

Kulikuwa na kijiko kinakoroga mahali fulani. Kikasimama.

Memsahibu hakupiga kelele, wenzetu wale hawapigi. Alimchukua Rozi mikononi mwangu, akasema taratibu, "Skola, nenda. Kesho wewe rudi Iringa."

Nilitoka mpaka Sokomatola, pale pale mjini Mbeya, kwa Bi Zuhura, mke wa mwenye duka la vitambaa, watu wa asili ya pwani. Mumewe alikuwa na lori la kwenda Iringa, nilitaka kujua linaondoka lini. Nilimkuta anampaka mwanawe wanja, na mwingine ana hirizi shingoni, na wengine wamelala kitanda kimoja, kimo kwa kimo kama samaki kwenye chano. Nikamsimulia. Alicheka mpaka akamchora mtoto wanja kwenye pua.

"Mwanangu, ungesema Mashallah ukanyamaza. Mate yangebaki mdomoni na kazi ingebaki mkononi."

Lori lilikuwa la kesho yake. Usiku ule nilifunga mzigo wangu, nikalala nao.

Asubuhi Memsahibu akaja chumbani kwangu uani, mwenyewe, amevaa koti juu ya nguo za kulalia. Nikasimama na mzigo.

"Piita nalala," akasema.

Nikasema ndiyo, bado mapema.

"Hapana. Usiku yote nalala. Hapana gonga mlango." Akafunga kifungo cha koti. "Yeye nasema, Skola ametema, hakuna kitu naweza kukamata mimi."

Nikashika mzigo vizuri.

"Nani fundisha wewe hii?"

"Wazungu, Memsahibu."

"Wazungu gani?"

"Wagiriki wa tumbaku. Bibi Despina. Mtoto akisifiwa."

Akaweka mkono mdomoni. Nilidhani analia, lakini mabega ndiyo yaliyokuwa yanacheza, kicheko chao kinatokea mabegani. Alipomaliza akajifuta macho, akanyoosha koti. "Weka chini mzigo," akasema. "Bwana hapana jua."

Toka hapo kila jioni ilikuwa hivi. Piita akishaingia kitandani, na mlango uko karibu kufungwa, nainama: ftu, ftu, ftu, makavu. Anajifunika, analala. Bwana aliona maendeleo, akanisifu kwa wenzake kwamba yaya wake ana msimamo. Nilitamani nijitemee mwenyewe. Memsahibu wakati ule alikuwa akipita koridoni, kila jioni ana kitu cha kuchukua pale, na kila jioni anaondoka mikono mitupu.

Ubaya ni kwamba Piita aliipenda mno ile dawa. Akamtemea paka. Akamtemea mbwa, ambaye Baba Tusa alisema sasa yuko salama hata kwa Wahehe. Akautemea uji asiopenda ili usimdhuru. Siku mkubwa mmoja wa serikali alipokuja kula mchana akamsifu, Piita akajitemea mwenyewe kwenye kiganja akajipaka, na Bwana akamwomba mgeni radhi kwa ajili ya mafua.

Baba Tusa naye akaona asipitwe. Akamwambia Piita habari za vibanda vya wavulana wa kwao. Basi ikawa vita, mpaka kikajengwa kibanda nyuma ya bustani, fito za mianzi na majani ya migomba. Piita akahamia huko mchana kutwa. Sheria aliiweka mwenyewe: mtu mzima haingii bila hodi. Memsahibu alikuwa akija na glasi ya maziwa, anasimama nje kwenye jua, "Hodi," na mwanawe anamjibu ndani, "Subiri kidogo." Bwana alifurahi sana. Mtoto anakomaa.

Siku moja, imebaki kidogo tu waondoke, tulikuwa tumekaa pale kibandani, Piita anakula ugali na maharage kwa mkono. Akamwuliza Baba Tusa, nyinyi kule vibandani mlipikiwa na nani? Baba Tusa akamweleza kwamba hawakupika. Njaa ikiuma wanakwenda kundi zima kula kwa mama wa mmoja wao, leo kwa mama yake Ambilikile, kesho kwa mama wa Anyosisye, kesho kutwa kwa mama wa Mwakifuna, ambaye alikuwa mchoyo wa samaki.

Piita akatafuna. "Na mimi shuleni nitakula kwa mama wa nani?"

Baba Tusa, yule mwenye mdomo usio na likizo, akaanza kukwangua sufuria ambayo ilikuwa safi. Nikainua kichwa nikamwona Memsahibu. Alikuwa amesimama nje na glasi yake, hodi bado hajaipiga.

Akamjibu kwa Kiswahili. Kwa kawaida alisema naye Kiingereza. Labda kwa Kiingereza lisingetoka.

"Iko mpishi, Piita."

"Ana watoto?"

"Sijui," akasema Memsahibu.

Akaweka maziwa chini mlangoni, akarudi ndani, akaingia stoo akajifungia. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka aliniambia stoo ina vumbi jingi, nikaifagie. Nikaenda kuifagia. Ilikuwa safi.

Siku ya safari baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Landrova iliwashwa mapema ipate moto. Bwana ndiye aliyekuwa anampeleka mpaka Dar es Salaam, huko atamkabidhi kwa mama mmoja Mwingereza anayerudi kwao kwa meli. Piita akatoka amevaa soksi ndefu za kijivu, kofia, na koti lililonunuliwa kubwa ili alikulie huko huko. Tulipangwa mstari mbele ya nyumba, Baba Tusa, mimi, na Memsahibu amembeba Rozi. Piita akapita akitupa mkono. Baba Tusa akaupokea kwa mikono miwili. Alipofika kwangu akainua uso, akangoja.

Bwana alikuwa anatutazama. Nilimshika mkono tu. Akaendelea kungoja kidogo, halafu akapita.

Kwa mama yake pia, mkono. Ndivyo wanavyoagana, mama na mtoto wa tumbo lake wanapeana mkono kama watu waliouziana ng'ombe. Piita hakulia. Alikuwa amefuzu. Mimi nami nilikuwa nimefuzu, na nilisimama pale natamani angefeli.

Akapanda. Mlango ukafungwa. Gari likaanza kuteremka polepole kuelekea getini. Ndipo Memsahibu akanitupia Rozi kifuani, kweli alinitupia, akaanza kutembea nyuma ya gari, kisha akakimbia. Kwa viatu vile vyake. Bwana akakanyaga breki. Memsahibu akaingiza kichwa dirishani, upande wa Piita, na sote tukasikia.

Ftu, ftu, ftu.

Hakuwahi kufundishwa, alisikilizia mlangoni tu. Hakujua kwamba mate huwa makavu. Ya kwake yalikuwa mate hasa, mpaka Bwana akajifuta mkono wa shati. Alikaa ameshika usukani, anaitazama barabara mbele. Piita alikuwa anacheka. Gari lilipoondoka tulimwona kwenye kioo cha nyuma, amepiga magoti kwenye kiti anatupungia, na uso wake hakuufuta.

Baba Tusa akasema chini chini, "Mhehe, umetuharibia Wazungu." Lakini alisema akiwa amegeukia ukuta, na hakugeuka mpaka gari lilipoisha kusikika.

Memsahibu akarudi, amepangusa midomo kwa leso, nywele amezirudisha mahali pake. Akatazama saa. Akaniambia maziwa ya Rozi yamechelewa. Siku ikaenda kama siku nyingine, kigari nje, kigari ndani, kiwiko kwenye maji. Saa kumi na mbili ilipogonga nilimfunga Rozi nepi, nikampeleka chumbani kwake nikamlaze.

Kitanda hakikuwepo. Palikuwa na alama nne tu za miguu yake sakafuni, na michirizi ya kukokotwa iliyotoka nje ya mlango, ikapita koridoni, ikaingia chumbani kwa Memsahibu. Nilimfikisha mtoto hapo mlangoni. Akampokea. Hakunieleza kitu, nami kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikuuliza.